Picha Mbili Dirishani

"Uwii!" Fundi wa lifti aliruka kutoka kwenye benchi la hospitali akijishika nyuma, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Pole, kaka, umekalia pini zangu," akasema binti mwenye gauni la njano, akitoka chumba cha picha. "Mle ndani kuna sumaku kubwa, chuma hakiingii. Na mimi fundi cherehani, nimejaa pini mpaka kwenye upindo."

"Basi nipe namba yako, Sindano, nikueleze kidonda kinaendeleaje."

Akapiga jioni ileile, na kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya tatu Sindano akaona mambo ya kujificha basi.

"Nina bipola. Kuna majira napaa, silali, naongea kama redio. Kuna majira kuinuka kitandani siwezi. Pale hospitali wanatafiti: wanapima damu waone kama mwili unawaka kwa ndani, kama kidonda kinavyovimba, halafu wanapiga picha ya ubongo waone kama umeguswa. Kama unakimbia, kimbia sasa."

"Nikimbilie wapi, mpenzi, na pini iko kwenye nyama?"

Maneno matamu. Lakini mama wa fundi alipopata habari alikuja juu: "Siposi kichwa nisichokijua. Alete hiyo picha niione!" Na fundi, mwanamume anayening'inia ghorofa ya tisa bila kutetemeka, akanywea. Akapiga simu.

"Mpenzi, ile picha ya ubongo... mama angependa..."

"Na wewe?"

"Mimi... unajua mama alivyo..." Sindano akakata simu, akalia sana, na siku kumi na mbili hakupokea simu yake. Vidonge hakuviacha, na cherehani haikunyamaza.

Jumapili akavaa lile gauni la njano, akachukua bahasha, akabisha hodi kwa mama.

"Shikamoo, mama. Ulitaka kukiona kichwa changu. Nimekileta, pamoja na mwenyewe."

Kabla mama hajaitikia, fundi akatoka chumbani na bahasha ya pili. "Nisamehe, Sindano. Niliogopa. Wiki iliyopita nami nilijitolea, nikalala kwenye mashine ile. Wanahitaji na wasiougua, wapate kulinganisha." Akazishikiza picha zote mbili kwenye kioo cha dirisha, majina ameyaziba kwa vidole. "Haya, mama. Ya mgonjwa ni ipi?"

Mama akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akagusa ya kushoto. "Hii. Si mnaiona wenyewe? Haijatulia kabisa."

Fundi akaondoa kidole. "Hiyo ni yangu."

"Hata daktari hawezi kusema kwa picha ya mtu mmoja, mama," akasema Sindano. "Analinganisha za watu wengi. Ukitaka kujua nikoje, niulize mimi. Ukiona silali, nipeleke hospitali. Ila kuomba radhi kwa kuumwa, siombi."

Mama akaitazama picha, akamtazama mwanawe, kicheko kikamponyoka. "Haya, binti. Nije kwenu lini kuposa?"

"Umechelewa, mama. Aliyekuja kuposa leo ni mimi." Akamshika fundi mkono. "Mwanao unanipa, hunipi?"