Mwizi wa Maji ya Mto

Mwizi aliuchukua mto akaacha chupa. Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa katika jokofu la zahanati ya San Bernabé, vifuniko vimekazwa, lebo ziko palepale. Lakini mvua za Juni zikianza, mto huwa na rangi ya kakao. Maji yale yaling'aa.

"Wiki tatu za kazi!" alifoka Daktari Noemí Sagastume. "Inspekta, nilimwaga virusi vya aina mbili. Hushambulia bakteria tu, mtu havimdhuru. Aina ya kwanza niliimwaga penye vyoo vya kitongoji cha Sakpek. Ya pili, katika bwawa la kinyesi la shamba la nguruwe. Itakayoonekana katika maji ya mto huku mjini ndiyo itakayotuonyesha ugonjwa unakotoka."

Inspekta Anselmo Tiul hakuhitaji kuelezwa zaidi. Watoto wanne walikuwa wamekufa kwa kuhara. Meya alikwisha kuamua kwamba uchafu ni wa Sakpek, na Ijumaa nyumba thelathini na moja za huko zingevunjwa. Shamba la nguruwe lilikuwa la shemeji yake Meya. Watu walilijua hilo, na walijua pia kunyamaza.

Tiul alinusa kifuniko kimoja, akanusa cha pili. Pom, ubani wa kwao. Masizi yake yalikuwa yameganda kwenye lebo.

"Mwizi gani huyu anayeiba kwa adabu?"

Mama yake Tiul hakuwahi kuchota maji chemchemini bila kuufukizia mlima ubani na kuuomba ruhusa. Basi maji haya yalitoka kwenye chemchemi, ileile inayolisha mabomba ya mji. Hakuna aliyewahi kuipima, maana nani angeishuku?

"Yapime hayohayo," alimwambia daktari.

"Ya nini? Si ya mto."

"Ni kielelezo cha kesi. Pima."

Siku ya tatu daktari alileta matokeo kituoni. Tiul aliyasoma mara mbili, kisha akaagiza aitwe Candelaria Xol, mfagizi wa zahanati, mzaliwa wa Sakpek.

"Ufunguo wa jokofu anao nani?"

"Daktari na mimi. Na daktari hajui kufukiza ubani."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Si nimeshasema, mwanangu? Nilimwaga ya mto, nikajaza ya chemchemi."

"Kwa nini?"

"Nyumba thelathini na moja! Virusi vyetu vingeonekana mjini, kesho yake matingatinga. Nikasema niwape maji safi kuliko yote, tuone watamsingizia nani."

"Na ubani?"

"Nichote bila kuomba? Mimi mwizi, lakini malezi sikukosa."

Tiul aliweka matokeo mezani. "Chupa zote kumi na mbili zina aina ya pili. Ya nguruwe. Ya Sakpek hakuna hata chembe. Maji ya bwawa yanazama chini ya mlima, yanatokea chemchemini."

Candelaria aliigusa karatasi ya matokeo kwa kidole.

"Mjukuu wangu Delfina," alisema, "alipoanza kuhara, nilimpelekea maji hayo kila asubuhi. Nikidhani ni dawa."

Delfina alikuwa mmoja wa wale wanne. Tiul alimsogezea kiti.

Meya, habari za matokeo zimekwisha kumfikia, aliingia bila kubisha hodi, amejaa tabasamu.

"Anselmo, mwache mama wa watu aende zake. Chupa tu hizi! Funga hilo jalada."

"Siendi," alisema Candelaria.

"Umesamehewa, mama."

"Nani kakuomba msamaha? Kesi ikifutwa, vielelezo vinakwenda wapi? Jalalani, na sisi tunavunjiwa! Nataka hakimu. Azisome chupa zote kumi na mbili, na jina la mwenye bwawa alisome kwa sauti." Alinyoosha mikono. "Inspekta, pingu!"

"Tiul," Meya alisema, tabasamu limekwisha, "ukiliandika hilo, wiki ijayo unalinda lango mpakani."

"Nasikia huko kuna hewa nzuri, Mheshimiwa."

Inspekta alivuta fomu ya maelezo ya mtuhumiwa, akaandika jina na tarehe. "Tuanze mwanzo, mama. Polepole, nisiache neno."

"Andika kwanza kwamba niliiba," alisema Candelaria, akimkazia Meya macho. "Wasije wakanitetea."