Nywele za Fintan

Mche wa sabuni ulikuwa mpya. Nonie Tuohy aliufungua mwenyewe kutoka katika karatasi yake asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Juni 1962, akauweka kwenye kisahani kando ya sinki, kisha akaenda Misa pamoja na wake wengine wa askari. Aliporudi alikuta umekwaruzwa. Haukuwa umetumika, kwa maana ulikuwa mkavu kabisa; ulikuwa umechimbwa kwa kucha upande mmoja, na kucha zilizoacha mistari ile zilikuwa ndogo kuliko zake.

"Con," alimwita mumewe, aliyekuwa ameketi dirishani akiwa amevaa shati la kazi ambalo hakuruhusiwa tena kulivaa kazini, "umeifanya nini sabuni yangu?"

"Nina shughuli gani na sabuni?"

"Basi ni panya."

"Labda," alisema Con bila kugeuka. "Panya mwenye vidole."

Nonie alicheka kidogo, kwa sababu hakuwa amemsikia akitania tangu Februari. Kisha akauona uso wake katika kioo cha dirisha, akatambua kwamba hakuwa akitania.

Siku chache kabla ya hapo, asubuhi ya Jumanne tarehe 12, iligundulika kwamba wafungwa watatu wametoweka Mwambani, kama wakazi walivyokiita kisiwa kile cha gereza. Walikuwa wamepita katika matundu waliyoyachimba ukutani, wakapanda paani, wakateremka hadi majini na chombo walichokiunga kwa makoti ya mvua. Hakuna aliyejua kama ghuba ya San Francisco iliwameza au iliwavusha, na hakuna ajuaye hadi leo. Vitandani mwao waliacha vichwa vya bandia, vilivyofinyangwa kwa sabuni, karatasi na vumbi la saruji, vikapakwa rangi ya ngozi na kubandikwa nywele halisi zilizofagiliwa sakafuni kwa kinyozi wa gereza. Askari aliyepita na tochi zamu nzima, akavihesabu vichwa vile kuwa watu hai wenye pumzi, alikuwa Cornelius Tuohy.

Wenzake hawakuacha kumtania. Halvorsen, jirani wa ghorofa ya chini, alimkuta Nonie gatini akishuka kwenye boti na kikapu cha mboga kutoka mjini.

"Shemeji, umenunua kabichi ngapi?"

"Mbili."

"Mwambie Con akuhesabie. Lakini azipapase kwanza, zisije zikawa mabwana fulani wamelala."

"Chukua moja wewe," alijibu Nonie. "Nyumbani kwako ndiko kulikopungua kichwa."

Watu gatini wakacheka, Halvorsen akacheka kuliko wote, akambebea kikapu hadi mlangoni, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza dogo, majira ya baridi yaliyopita.

Fintan, mtoto wao wa pekee, alifariki siku ya Jumanne, tarehe 20 Februari mwaka huo, akiwa na umri wa miaka saba, kwa homa ya uti wa mgongo iliyomchukua upesi, kabla hata hawajapata nafasi ya kuogopa. Ilikuwa siku ile redio zote zilipokuwa zikisimulia habari za Mmarekani aliyekuwa akiizunguka dunia angani. Muuguzi wa zamu alikuwa na redio ndogo mezani pake. Nonie hakusahau kwamba aliizima akiwa amechelewa kidogo.

Wakati wa uhai wa mtoto huyo, chakula cha jioni hakikuliwa katika nyumba ile kabla ya hesabu. Con aligonga meza kwa kijiko: mmoja, wawili, watatu, naye Fintan alisimama wima, mikono ubavuni, akaitika, "Nipo, afande." Baada ya mazishi kijiko hakikugonga tena. Kiti cha mtoto kilibaki mahali pake, kwa kuwa hakuna kati ya wazazi aliyekuwa na ujasiri wa kukiondoa.

Jioni ya Jumapili ile ile, viazi vikiwa vimetoka motoni, Con aliinua kijiko akagonga meza.

"Mmoja," alisema, akijigusa kifua. "Wawili." Akamtazama mkewe. Kisha macho yake yakahamia penye kiti kitupu. "Watatu."

Nonie aliweka sufuria chini. "Watatu nani, Con?"

"Ulimi umeteleza."

"Ulimi ukiteleza na macho nayo huteleza?"

Wote wawili walisikia kiti kikilia, mlio mdogo wa mbao inayopokea uzito mwepesi, na kutoka upande ule ikapanda harufu ya sabuni mbichi na saruji iliyolowa maji.

Tangu siku hiyo Con alihesabu kila jioni, na Nonie akamwona akinyauka. Alikuwa mwanamume wa kifua kipana aliyezoea kupanda mlima wa gereza bila kusimama. Sasa alipumzika katikati ya ngazi za nyumba yake, mkono ukutani, akihema kama aliyetoka kuzama. Daktari wa kisiwa alimpima akasema mapafu ni mazima, na kwamba huzuni nayo ina uzito wake. Lakini Nonie alikuwa amegundua jambo ambalo daktari hakuliona. Pumzi ya Con ilikatika palepale aliposema "watatu", kana kwamba neno lile lilitoka na kitu ambacho hakikurudi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21, ukungu ulikiziba kisiwa tangu asubuhi, baragumu la bandarini la kuonya meli likawa linalia bila kupumzika, na mchana wenyewe ukawa wa rangi ya maji ya kufulia. Nonie alikuwa akikunja mashuka chumbani aliposikia maji yakidondoka ukumbini, tone, kisha tone, na akidhani dirisha limeachwa wazi alitoka na shuka mkononi, akaona sakafuni alama za miguu midogo iliyolowa, zikitoka mlangoni na kupita mbele ya jiko hadi chumba ambacho hakikuwa kimefunguliwa tangu Februari, na mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi, na ndani yake, mbele ya dirisha jeupe kwa ukungu, alisimama mtoto aliyempa mgongo, mwenye nywele za rangi ya shaba zilizojikunja kisogoni kama zilivyokuwa zikijikunja sikuzote, zile ambazo yeye mwenyewe alizilowesha na kuzichana kila asubuhi kabla ya boti ya shule, na kabla hajajua anachokifanya alikuwa amekwisha kuita, "Fintan," naye mtoto akaanza kugeuka, polepole, kama kitu kinachogeuzwa na mtu mwingine, likaonekana sikio ambalo halikuwa na tundu, likaonekana shavu lililopakwa rangi ya ngozi kwa brashi na kukauka bila kulainishwa, na ukope mmoja uliochorwa mahali ambapo jicho halikuwekwa, ndipo Nonie akajifunika uso kwa lile shuka akabaki hivyo, akisikia harufu ya sabuni ikimkaribia, ikasimama mbele yake, kisha ikaondoka.

Con alimkuta ameketi sakafuni.

"Umemwona," alisema.

"Nimekiona kitu."

"Usimwite kitu."

"Con, nieleze," alinong'ona Nonie, maana hakuthubutu kupaza sauti ndani ya nyumba yake. "Nieleze, au boti ya kesho naondoka."

Akaketi kando yake, akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kanuni ya hesabu ilikuwa kwamba askari aone ngozi na aone pumzi. Ammulike mfungwa usoni na asubiri ajigeuze. Kwenye selo nyingine alifanya hivyo. Lakini katika moja, tangu mwezi wa Mei, alimkuta mfungwa amelala akielekea ukutani, na nywele zilizoonekana juu ya blanketi zilikuwa za rangi ya shaba, zimejikunja kisogoni.

"Sikummulika usoni," alisema Con. "Sikutaka kumwamsha. Nilisimama pale nikamtazama, Nonie, kila zamu. Nilimhesabu, halafu nikamwambia, lala salama, mwanangu. Mimi, askari mwenye miaka kumi na minne kazini, namwambia jambazi lala salama mwanangu. Na wala hakuwa jambazi. Jambazi alikuwa nyuma ya ukuta anachimba."

"Nywele za nani?"

"Unakumbuka nilimpeleka Fintan kwa kinyozi wa gereza kule juu? Jumamosi, tarehe tatu Februari. Ulitaka apendeze kwa ajili ya Komunyo ya kwanza."

Nonie alikumbuka.

"Kinyozi ni mfungwa. Amekiri kwenye uchunguzi kwamba alikuwa akiwawekea wale watu nywele alizofagia, tangu majira ya baridi. Wachunguzi wakavipanga vichwa mezani mbele yangu. Nikazitambua nywele za Fintan, nikaomba wanipe. Wakanitazama tu. Mmoja akasema, Tuohy, nenda nyumbani ukalale."

Kesho yake Nonie hakuondoka na boti, ila alimpigia simu mtu mmoja tu ambaye asingemcheka. Delia alikuwa shangazi yake Con, mjane aliyehama Kerry, Ayalandi, mwaka 1911 na kufua nguo za watu katika mtaa wa Mission mjini hadi mikono ilipokataa. Alipewa kibali cha kuja Jumamosi, tarehe 30 Juni, akashuka gatini ndani ya ukungu akiwa na rozari mkononi na kofia ya kanisani kichwani. Alipoingia mlangoni alisimama, akavuta hewa.

"Nani kafinyanga sabuni humu?"

Nonie alimweleza yote jikoni, Con akisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Bibi huyo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwetu nywele hazifagiliwi na kutupwa," alisema. "Mama yangu alizikunja akazichomeka ukutani, ndani ya nyumba, ili siku ya kiyama mwenyewe ajue pa kuzifuata. Ninyi mliozaliwa huku mnaona ni upuuzi."

"Kwa hiyo ni yeye, Shangazi?" aliuliza Con. "Amezifuata nywele zake?"

"Hapana, mwanangu. Fintan yuko kwa Mungu, na huko hakosi kitu. Hicho kilikuwa donge la sabuni. Wewe ulikihesabu kuwa mtu hai, ukakiita mwanao, tena kwa mapenzi. Na ziko roho zisizo na kwao zinazosubiri kuitwa tu. Imepata nywele, imepata jina. Kilichobaki ni pumzi, na hiyo inaichukua kwako kila ukiihesabu." Akamshika kidevu kama mtoto. "Jitazame. Mwezi ujao ukiisha tutakuwa tunakuzika."

"Nimekwisha kumzika mara moja," alisema Con. "Msinitume nimzike mara ya pili."

"Na mimi?" aliuliza Nonie. "Mimi nizike wangapi?"

Con akamgeukia shangazi yake. Kisha akauliza la kufanya.

Delia alisema kwamba aliyekihesabu ndiye wa kukitoa. Aketi mezani, kiwe kipo, aihesabu nyumba yake, yeye na mkewe tu, na kukomea pale idadi inapokomea, bila kuongeza neno. "Na sisi wengine tufunge midomo. Atakayekihesabu baada yake ndiye atakayekilisha pumzi zake."

Waliketi saa kumi alasiri. Nje hakukuwa na kitu cha kuonekana isipokuwa weupe, na baragumu lililia kwa mbali. Con aliinua kijiko. Kikagonga meza kabla hajawa tayari. Kiti kililia. Harufu ikajaa jikoni, na Nonie, aliyekuwa amekaza macho kwenye meza, aliona pembeni ya jicho lake rangi ya shaba.

"Mmoja," alisema Con.

Delia alikuwa akiisogeza rozari bila sauti.

"Wawili."

Akaweka kijiko chini. Midomo yake ilibaki wazi kwa neno la tatu, likaonekana kabisa pale mdomoni, naye akaufunika mdomo kwa mikono miwili akalizuia. Machozi yakampita katikati ya vidole. Kiti kikalia tena, kama kinachoachwa. Miguu midogo iliyolowa ikatembea sakafuni, ikampita Delia, ikampita Con, mlango wa mbele ukafunguka na ukungu ukaingia hadi magotini mwao. Ndipo Con akavuta pumzi, ndefu, hadi chini kabisa ya kifua, na rangi ikamrudi usoni.

Kizingitini mtoto alisimama akiwa amewapa mgongo. Hakutoka mara moja.

"Nipo," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, isiyolaumu, ya mtoto anayedhani hajaonekana.

Delia alitikisa kichwa kwa nguvu. Con aliinamia meza. Miguu ikapiga hatua moja nje, na sauti ikasikika tena, sasa kutoka ndani ya ukungu, na chini zaidi. "Nipo."

Nonie alikuwa amekitaka kitu kile kiondoke tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameapa, amepiga simu, amemleta Delia kwa boti. Mumewe alikuwa akipumua. Hilo ndilo aliloliomba na hilo alikuwa amelipata. Alimtazama Con, akahakikisha anapumua.

"Watatu," alisema.

"Nonie," Delia alinong'ona. "Mwanangu, umefanya nini?"

Kitu kilimtoka Nonie kifuani, chembamba kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo, akalazimika kushika meza ili asimame. Con alijaribu kumshika mkono, Nonie akautoa taratibu. Akachukua taulo iliyoning'inia kando ya jiko, akaenda mlangoni ambako miguu midogo ilikuwa imekwisha kurudi kizingitini, akapiga magoti nyuma yake. Nywele zilikuwa zimelowa na baridi, na zilikuwa zenyewe; vidole vyake havikuweza kukosea. Chini ya nywele, mahali ambapo pangekuwa na fuvu, palibonyea kama sabuni iliyosahauliwa majini. Alizifuta kwa uangalifu, kishungi kimoja kimoja, akipumua kwa shida. Mabega madogo yakaanza kuzunguka kumwelekea.

"Usigeuke, mwanangu," alimwambia. "Kaa hivyohivyo."