Kasha Jekundu la Nishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hajra alifagia uwanja wa nyumba yao pale Nachingwea, akachota maji, kisha akampelekea Bibi Mwanne uji. Bibi naye hakukosa la kumtania.

"Mke mwenzangu, uji huu umeupika au umeuonyesha moto tu?"

Hajra alikuwa darasa la sita na alishazoea kuitwa hivyo, maana ndivyo mabibi wa huko wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Lakini asubuhi moja Bibi hakutania. Alifungua kipande cha kanga, akatoa kasha dogo jeusi. Ndani yake mlikuwa na nishani ya fedha yenye kichwa cha mfalme.

"Baba yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza," alisema. "Alipewa hii kwa kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa vitani, huko Burma. Mwalimu wako anasema Ruangwa kuna maonyesho ya vitu vya kale. Ipeleke, mjukuu wangu. Picha yake hatuna hata moja. Iliyobaki ni hii tu, na mimi nataka watu walijue jina lake."

Hajra alipokea kwa mikono miwili. Ila alipolitazama vizuri lile kasha, aliona haya. Ngozi yake ilikuwa imebanduka, bawaba moja imekatika, na pembeni mwa kifuniko palikuwa na upara. Alijua rafiki yake Goreti angepeleka bangili za shaba zilizosuguliwa zikang'aa. Yeye aende na takataka hii?

Akaingia chumbani kwa mama yake mdogo, Saada, akachukua bila ruhusa kasha jekundu la pete lenye mahameli. Nishani ilikaa upandeupande, lakini kifuniko kilifunga. Kasha la zamani akampa mdogo wake Sadiki atunzie korosho zake za kuchezea.

Ukumbini Ruangwa, vitu vilipangwa mezani na kukaguliwa na Bi Teodosia, mtaalamu aliyetoka makumbusho. Alipofika kwa Hajra aliigeuza nishani mara kadhaa, akatabasamu.

"Nishani ni ya kweli, tena nzuri sana. Na hili ndilo kasha ambalo ilitolewa nalo?"

"Ndiyo," alijibu Hajra.

"Ngoja nikuonyeshe kitu. Kasha la nishani hutengenezwa kwa umbo la nishani yenyewe. Ikikaa humo miaka mingi, kitambaa hubaki na alama yake, kama godoro lililolaliwa sana. Hapa sioni alama yoyote. Halafu huu mpasuo wa katikati ni wa nini?"

"Wa pete!" alidakia mwanafunzi mmoja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Masikio ya Hajra yaliwaka moto. Angeweza kusema kweli palepale, lakini aliogopa kuchekwa zaidi.

"Bibi yangu ndiye aliyesema," akajibu. "Alisema baba yake alipewa pamoja na kasha hilihili."

Tabasamu la Bi Teodosia likatoweka. "Kama bibi amekosea kuhusu kasha, nitaaminije habari ya Burma? Siwezi kuandika jina la mzee wenu bila uhakika. Kesho asubuhi nitapita Nachingwea nimuulize mwenyewe."

Mwalimu Dastani, aliyewaleta, aliinamisha kichwa. Goreti naye alitazama pembeni. Njia nzima ya kurudi nyumbani Hajra alilifunika lile kasha jekundu kwa viganja.

Alipofika alimkimbilia Sadiki. Mtoto alikuwa amezipasua baadhi ya korosho mbichi kwa jiwe na kuzirudisha kashani. Mafuta ya maganda, yale yanayobabua vidole, yalikuwa yameingia kwenye kitambaa na kuacha doa jeusi. Hajra alisugua na kusugua, lakini doa halikutoka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimwendea Bibi, akapiga magoti na kumweleza yote.

Bibi alilitazama lile doa. "Hajra," alisema mwishowe, na jina hilo tupu lilimuuma mtoto kuliko kiboko. "Kasha ningekusamehe upesi. Lakini umesimama mbele za watu ukawaambia kuwa mwongo ni mimi." Usiku ule Bibi hakugusa chakula.

Asubuhi Bi Teodosia alifika pamoja na Mwalimu Dastani. Kabla Bibi hajaulizwa lolote, Hajra alisimama.

"Bibi hakusema uongo. Niliyesema uongo ni mimi. Kasha lenyewe ni hili, na nimeliharibu."

Bi Teodosia alilifungua taratibu, akaiweka nishani. Ilizama mahali pake bila kusukumwa, na pini yake ikaingia kwenye mfereji wake. Alipoiinua, duara lake lilionekana wazi kwenye kitambaa, kando ya doa la korosho.

"Hili ndilo, halina shaka," alisema. "Na huu upara wa pembeni?"

Bibi alilichukua kasha, akaweka kidole gumba juu ya upara ule. Kikatosha sawasawa.

"Hapa ndipo baba alipokuwa akilifungulia," alisema. "Kila Ijumaa alipotoka msikitini, alitukalisha sisi watoto, akalifungua na kututajia wenzake ambao hawakurudi."

Hajra alilia. Alichokiona takataka kilikuwa alama ya kidole cha baba yake Bibi.

"Jina lake litaandikwa," alisema Bi Teodosia. "Na doa nitalieleza lilivyo. Hatutalificha."

Mama mdogo Saada alirudishiwa kasha lake, akaombwa radhi. Bibi akamvuta Hajra karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Uliona haya kwa kitu cha kweli, ukajipamba kwa uongo, na uongo huo ndio uliokuaibisha. Siku nyingine ukikosea, sema wewe mwenyewe, tena mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, mke mwenzangu, waletee wageni uji. Na leo uupike."