Moshi Uliobaki Chini ya Rangi

Kaka yangu ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Brashi, na hata mkewe humwita hivyo akikasirika. Nyumba yake ina sebule, vyumba viwili na jiko. Kila asubuhi Brashi alichanganya rangi zake jikoni huku wifi yangu akichemsha chai, na wote wawili wakigombania nafasi. Mama yetu alikuwa anaishi nao. Alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha sponji, akimchana mjukuu wake nywele kabla ya shule. Huyo mjukuu, mtoto wa Brashi, tunamwita Kasuku, maana hanyamazi. Ana miaka saba, na ana pumu.

Mimi ni msusi, saluni yangu haiko mbali. Nikipita pale nilikuwa nikimtania Mama.

"Mama, unaniharibia biashara. Unachana bure!"

"Nawe nani alikufundisha?" alinijibu. "Nilipe kwanza."

Brashi alikuwa na tabia moja mbaya. Mafuta ya kuyeyushia rangi aliyaweka jikoni, karibu na jiko la gesi. Mafuta yale ni makali, hata harufu yake hushika moto. Wifi alimwambia ayatoe. Mama alimwambia. Mimi nilimwambia mpaka mdomo ukaniuma.

"Kesho," alisema. Jamani, kesho ya kaka yangu haina tarehe.

Siku moja kopo la mafuta likavuja. Brashi alikuwa kazini, wifi alikuwa dukani, Kasuku shuleni. Mama alikuwa amebandika maji ya chai, akarudi kukaa. Moto ukalipuka. Majirani na watu wa zimamoto waliuzima kabla haujatoka jikoni. Lakini moshi ulikuwa umeshajaza nyumba nzima. Mama walimkuta kwenye kiti chake. Hakuwa na jeraha hata moja. Moto haukumgusa. Moshi ndio uliomuua.

Tulimzika. Kasuku nikamchukua kwangu.

Watu wengine wakifiwa hulia. Brashi alipaka rangi. Alifungua ndoo akapaka jikoni, sebuleni, vyumbani, dari mpaka milango. Hakufuta kitu, hakuosha kitu. Alipaka juu ya weusi ule ule. Alipomaliza, nyumba ilikuwa nyeupe kama yai.

"Umeona, dada?" aliniambia. "Kama hapakutokea kitu."

Lakini pua haidanganyiki. Mlangoni tu, moshi ulinipiga usoni. Wifi akapuliza manukato. Loo! Sasa ukawa moshi uliojipamba.

Hata hivyo Brashi alimtaka mwanawe. Akaja kumchukua, naye Kasuku akaruka kwa furaha, akisimulia njia nzima. Tulipoingia sebuleni, akanyamaza. Kasuku kunyamaza! Nikajua kuna jambo. Mabega yake yakapanda, kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Baba, kinabana," alisema.

Tulimpa dawa yake ya kupuliza, haikutosha. Tukakimbia naye hospitali. Daktari alipomtuliza, alituambia wazi, "Mtoto asirudi kwenye ile nyumba mpaka moshi uishe. Akibanwa tena vile, anaweza asiwahi kufika hapa."

Kasuku akarudi kwangu. Kila siku aliniuliza swali moja.

"Shangazi, kwa nini Baba hanitaki?"

Ningemjibu nini? Nilichukua chanuo, nikamchana nywele kama Bibi yake.

Brashi naye akapaka rangi mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Madoa ya kahawia yakajitokeza. Akapaka wa tatu. Yakajitokeza tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua!" nikamfokea. "Acha kuficha!"

Akatupa brashi ukutani. "Kimeshaniumbua, dada! Nimemuua mama yangu kwa makopo yangu. Unataka nini tena?"

Wifi akaingia chumbani akafunga mlango. Mimi nikaondoka. Hatukusemezana siku kadhaa.

Kisha mteja mmoja akaja saluni kusuka. Nilipomtazama vizuri kwenye kioo, nikamtambua. Ni afande wa zimamoto, yule mwanamke niliyemwona siku ya moto akimbeba Mama kumtoa nje. Nikaendelea kusuka.

"Siku ile niliambiwa nyumba ile ina mtoto. Anaendeleaje?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Hakusema pole nyingi. Alisema, "Siku yangu ya mapumziko nitakuja. Mwambie kaka yako asipake tena."

Akaja kweli, na kisu kidogo mfukoni. Akaukwaruza ukuta mahali pamoja. Nyeupe ikadondoka, na chini yake kulikuwa kweusi tii.

"Haya ni masizi," alisema. "Masizi ni moshi ulioganda. Rangi haiyatoi, inayafunika tu. Joto likipanda, harufu inatoka, na mtoto anaivuta. Ni kama mtu kujipaka poda bila kuoga."

"Sasa nifanyeje?" Brashi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwanza fundi umeme akague nyaya. Akishasema ni salama, feni iwekwe dirishani, uso wake utazame nje. Ivute hewa mbaya itoke, isiizungushe ndani. Madirisha yote wazi. Nyinyi vaeni barakoa na glavu. Mtoto asikanyage hapa mpaka kazi iishe."

Brashi akakwarua rangi yake yote. Nilimwonea huruma, maana ni kazi ya mikono yake. Wifi akashika kitambaa kilicholowa ili aanze kusugua. Afande akamshika mkono.

"Hapana, mama. Masizi makavu hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ukianza na maji, unayapaka ukutani kama wino. Futa taratibu, geuza kitambaa kikichafuka. Anza darini, ushuke."

Tulipomaliza kufuta, ndipo tukachukua maji ya moto, sabuni na siki kidogo.

"Sasa ukuta unaoshwa kuanzia chini kwenda juu," afande alisema.

"Hee! Tangu lini ukuta ukaanzia chini?" Brashi aliruka. Ufundi ukampanda.

"Maji machafu yakichuruzika kwenye ukuta mkavu, yanaacha michirizi isiyotoka. Ukiwa umelowa, yanapita tu."

Brashi akajaribu njia zote mbili, akaanza kuosha kutoka chini. Mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Wifi akataka kuongeza dawa ya klorini ili iue harufu haraka. Afande akapaza sauti. "Klorini na siki havichanganywi kamwe! Vinatoa hewa ya sumu. Nyumba hii imeshapoteza mtu mmoja."

Mapazia na nguo tulizifua, tukaanika nje. Zilizoendelea kunuka tulizifua tena kabla ya kupiga pasi, kwa sababu joto la pasi hushindilia harufu. Unga uliokuwa wazi na dawa za zamani, vyote vilivyoingiwa na moshi, tukavitupa. Brashi akatoa ubao mmoja wa dari akachungulia. Huko juu masizi yalikuwa yamejaa. Tukayasafisha.

Kilibaki kiti cha Mama. Kilikuwa pembeni, Brashi amekifunika kwa shuka safi. Afande akainua shuka, akainama, akanusa. Akairudisha taratibu.

"Sponji hunywa moshi mpaka ndani," alisema. "Hata ukiiosha, harufu haiishi."

"Hicho hakitoki," Brashi alisema.

"Kaka..." nilianza.

"Nimesema hakitoki! Ndicho kilichobaki kwake."

Afande hakubishana. Alivua glavu zake. "Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kiti hiki, kwa hiyo siwezi kukulazimisha. Ila nakwambia ukweli. Mtoto wako na hiki kiti hawawezi kuishi nyumba moja. Na ukikitoa, usikichome. Moshi wa sponji unaua."

Akaaga, akaenda zake.

Brashi aliondoa shuka, akaikunja. Halafu akakibeba kiti peke yake. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Alikitua nje, akakikalia, akaweka mikono pale Mama alipokuwa akiweka yake. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakimwona. Gari la taka lilipofika, alikipandisha mwenyewe.

Tuliacha nyumba ipigwe na upepo mpaka kuta zikakauka kabisa. Ndipo Brashi akapaka rangi ya mwanzo, ile inayoziba madoa, na juu yake nyeupe. Safari hii madoa hayakurudi. Mafuta yake sasa yako kwenye kibanda cha nje, mbali na moto, chini ya kufuli. Daktari alipompima Kasuku, akamruhusu arudi.

Kasuku aliingia polepole. Akanusa ukuta. Akanusa pazia. Akaenda pale palipokuwa na kiti, akanusa hewa.

"Hakunuki moshi, Baba," alisema. Kisha akasema, "Na Bibi naye hanuki tena."

 Brashi akampakata. Mtoto akasimulia habari za shule, akasimulia za kwangu, akasimulia mpaka usingizi ukamchukua mikononi mwa baba yake. Wifi akataka kumhamishia kitandani. Brashi akatikisa kichwa. Aliinamisha sikio lake kifuani kwa mwanawe, akasikiliza. Sisi tukamsubiri.

"Anapumua," alisema. "Dada, njoo usikie. Anapumua vizuri."