Binti Yetu, kwa Kihispania

"Pokea tu, mwanangu, huenda ni bosi wako," mama yake Abhinay alisema, na wageni wakacheka.

Simu ilikuwa imeshaita mara tatu. Pandit, kuhani wa Kihindu, alikuwa ameshika sahani yenye pete mbili. Sahithi ameketi jukwaani kando ya mchumba wake, sari ya hariri imembana kiunoni, asmini zimejaa kichwani. Ilikuwa Jumapili saa tano asubuhi, ukumbini Hyderabad, India, watu mia mbili wakisubiri avishwe pete ya uchumba.

Abhinay akapokea huku bado anamtabasamia mpiga picha. Aliongea Kihispania. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alijua kijana yuko Valencia, Hispania, mwaka wa tano sasa, kwenye kazi za kompyuta.

"Mpenzi, siwezi kuongea sana," alisema kwa lugha hiyo. "Niko kwenye shughuli ya binamu yangu. Binti yetu vipi, homa imeshuka?"

Sahithi aliganda.

Kwenye mtihani wa kusikiliza Kihispania chuoni kwao, rekodi huchezwa mara mbili. Hii ilipita mara moja tu, lakini alilisikia lile neno sawasawa. Nuestra niña. Binti yetu. Si binti yako, wala binti wa dada. Yetu.

"Mwambie kuwa baba yake anarudi Alhamisi," Abhinay aliendelea, anampungia mkono mjomba aliyekuwa mstari wa mbele. "Nakupenda, maisha yangu."

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Angekuwa nao wa nini? Karatasi ya posa ya Sahithi, kwenye elimu, iliandikwa "B.A." tu, basi. Na kwa miezi mitatu ya kupigiana simu kila jioni, hakuwahi kuuliza hiyo B.A. ni ya nini. Mrudula, rafiki yake Sahithi wa darasani, alikuwa akimcheka.

"Wewe mwaka wa tatu unasoma Kihispania, mchumba yuko Hispania, na hajui? Mwambie bwana!"

"Aniulize kwanza. Siku akiuliza, namjibu kwa Kihispania mpaka adondoshe simu."

Sahithi aliligeuza jambo hilo mchezo wa mapenzi. Maana alimpenda yule mwanaume, alimpenda kweli, mpaka akawa anaisikiliza sauti yake kwenye ujumbe wa jana hata akiwa kwenye basi la chuo.

Sasa, pale jukwaani, akageuka, akamtazama Abhinay usoni. Kisha akauliza kwa Kihispania, polepole, kila silabi mahali pake:

"Homa ya mtoto ni nyuzi joto ngapi?"

Uso wa Abhinay ulipauka. Simu ikamtoka mkononi, ikaanguka kwenye zulia, na sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali: "Abhi? Ni nani huyo?"

"Un... unajua Kihispania?" alinong'ona kwa lugha hiyo hiyo.

"Ndiyo digrii yangu. Mwaka wa tatu huu."

"Hukuwahi kuniambia!"

"Hukuwahi kuniuliza! Umeniuliza kama najua kupika biriani. Umeniuliza urefu wangu mara mbili, Abhinay. Ninachosoma, hata siku moja."

Mama yake Abhinay, Vasundhara, alisogea jukwaani. "Mnasemaje nyie?"

"Mteja wa ofisini, mama," Abhinay akawahi. "Mitambo yao imegoma."

Sahithi aliinama, akaiokota simu, akaweka sauti ya juu.

"Naitwa Sahithi," alimwambia yule mwanamke. "Niko Hyderabad. Tafadhali keti kwanza."

"Kuna nini? Abhi amepata ajali?"

"Hapana, yuko hapa, mzima. Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni Amparo, mke wake. Tulifunga ndoa ya serikali miaka mitatu iliyopita. Na wewe ni nani?"

Mwalimu wa ukalimani wa kina Sahithi aliwaambia kila wiki: mkalimani hasemi lake, anasema la mwenzake. Lakini swali hili lilikuwa lake peke yake.

"Mimi ni mchumba wake. Leo anatakiwa kunivisha pete."

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Amesema ni shughuli ya binamu yake," Amparo akasema.

"Mimi si binamu yake."

Kisha Sahithi akawageukia watu na kuwaeleza yote kwa Kitelugu, lugha ya nyumbani, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Bibi mmoja alipiga yowe. Mpiga picha alishusha kamera. Baba yake Sahithi, mzee Raghunandan, alipanda jukwaani kwa hatua mbili akiwa ameuma meno, wajomba wakamdaka mabega.

"Niacheni! Huyu amekuja kunichezea binti yangu?"

"Mama, nisikilize," Abhinay alilia. "Uliapa nikioa mgeni hutatia chakula mdomoni. Ningefanyaje? Nilijua Sahithi angebaki hapa na wewe, akutunze, mimi ningekuwa nakuja kila mwaka..."

"Angebaki?" Sahithi alidakia. "Uliniambia visa inachukua mwaka mmoja!"

Abhinay akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Sahithi alipoelewa. Kwa hiyo hata visa haikuwepo. Hakuwa anaposwa awe mke. Alikuwa anatafutwa mtu wa kukaa na mama.

Kila mtu alitegemea Vasundhara amnase kijana wake kibao. Hakumgusa. Aliketi kwenye ngazi ya jukwaa na vito vyake vyote, akasema kwa sauti ndogo:

"Muulize huyo mwanamke, mtoto anaitwa nani."

Sahithi akauliza.

"Vasundhara," Amparo alijibu, sasa analia. "Abhi alisema ni jina la mama yake. Alisema mama anaziweka picha zote za mtoto karibu na kitanda."

Sahithi alitafsiri. Mama wa watu alijifunika uso kwa pindo la sari. Hakuwahi kuona hata picha moja.

Uchumba ukafia pale pale.

Miezi miwili baadaye ulikuja ujumbe wa Abhinay: "Sahithi nisamehe. Amparo amenifukuza. Nilikuwa naogopa tu. Naomba tuongee." Aliusoma mara moja, akaufuta, akaifungia ile namba.

Jumapili iliyofuata mlango wa kina Sahithi ukagongwa. Alikuwa Vasundhara, peke yake.

"Huyu mama ana uso gani wa kuja hapa?" Raghunandan alifoka kutoka ndani.

"Kweli sina," Vasundhara alijibu akiwa nje ya kizingiti. "Ila Amparo aliipata namba yangu, sasa ananipigia kwa video kila Jumapili, ananionyesha mjukuu wangu. Tunachekeana tu, hatuelewani neno. Nifundishe, mwanangu. Hata maneno kumi."

"Ulijua?" Sahithi alimuuliza.

"Sikujua. Lakini mimi ndiye niliyemtisha akaanza kudanganya. Hilo ni langu, silikatai."

Sahithi akaufungua mlango wote, akaenda kuchukua daftari.

"Bibi ni abuela. Sema."

"Abu... abuela."

"Tena, mama."

Walirudia mpaka simu ikaita. Kwenye kioo akatokea mtoto wa nywele za mawimbi, kashika kijiko. Vasundhara akajikaza: akasema kwa Kihispania kwamba yeye ni bibi yake. Mtoto akamkodolea macho, akacheka, akasema jambo refu la kitoto.

Machozi yakamtiririka bibi.

"Sahithi! Anasema nini?"

Sahithi alikuwa amegeukia dirishani. Tangu siku ile ya ukumbini hakuwa amelia, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila kibali.

"Anauliza... abuela analia nini."

"Mwambie kuwa bibi alikuwa anakata vitunguu."

Sahithi akafuta macho yake kwanza, kisha akatafsiri.