Gauni la Gari

Kidoti alikuwa akiokota vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama yake. Alipoinua macho, alimwona mwanamke asiyemjua amesimama mlangoni. Mwanamke huyo hakuwa amepiga hodi. Alishika mwavuli, ingawa mvua haikuwa imenyesha siku hiyo. Kulikuwa na ukungu tu, uliotanda tangu asubuhi.

"Kumbe bado linalia?" mgeni aliuliza.

Mama aliusimamisha mguu juu ya pedali. "Karibu, dada. Nini kinalia?"

Mgeni alielekeza ncha ya mwavuli uani. Hapo palikuwa na gari dogo la mizigo ambalo Mama alilinunua kwa dalali, ili apelekee sare za wanafunzi shuleni. Halikuonekana hata tairi. Mama alikuwa amelishonea gauni la buluu lililolifunika kutoka paa hadi ardhini. Kila liliporudi safarini, kulivisha ilikuwa kazi ya Kidoti.

"Umejuaje kuwa liko hapa?" Mama aliuliza.

"Nimelifuata kwa sauti tangu sokoni. Lilikuwa la mume wangu. Nilimwambia dalali asiliuze kabla ya..."

"Dada yangu," Mama alimkatiza, "kama umekuja kulidai, mimi nimelinunua kwa halali. Uniwie radhi, nina kazi." Cherehani ikaanza kunguruma tena.

Kidoti alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Huko mwanamke yule aliinama, akasema polepole, "Mwanangu, mwambie mama yako asiliteremshe mlimani. Mume wangu aliliteremsha. Tangu siku ile hajasimama kwa miguu yake. Alipeleke kwanza kwa fundi. Likishatengenezwa, njoo uniambie kwa mdomo wako. Nyumba yangu ina mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga. Ila njoo kwa miguu. Sitaki kulisikia tena mlangoni kwangu."

"Nitakuja, mama," Kidoti aliahidi. Alipogeuka kumtazama tena, ukungu ulikuwa umeshamficha.

Mama alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Anataka tuliogope, tumrudishie kwa bei ya bure. Achana naye."

Lakini macho hayana pazia, na masikio vilevile. Kila asubuhi yenye baridi, gari lilipoanza kusogea, lilitoa mlio mrefu wa chini, kama mtu anayelia huku amefumbwa mdomo. Jioni, likiwa limezimwa na kuvishwa, sauti nyingine ilitoka ndani ya gauni. Tik. Kimya. Tik, tik. Ilikuwa kama kucha zinazogonga bati kutoka chini.

"Linamwita mwenyewe," alisema Kaka, ambaye hakuacha kitu kipite bila kukitania. "Ukilivisha leo, angalia lisikushike mkono."

"Nyamaza wewe."

"Mimi ningekuwa gari, ningekushika wewe kwanza. Una sauti nzuri ya kupiga mayowe."

Kidoti hakucheka. Siku moja, alipolivua gauni, aliona alama ya kahawia kwenye pindo, karibu na gurudumu la nyuma. Ilikuwa pana kama kiganja. Akaifua kwa sabuni, haikutoka. Kesho yake ilikuwa imekolea, na pembeni yake pametokea nyingine, kama kiganja cha pili. Aliogopa kusema. Yeye ndiye aliyekuwa akilishika gauni lile kila siku. Nani angeamini kwamba si yeye aliyelichafua? Akawa analikunja alama zikiwa ndani.

Ikafika siku ya kupeleka sare katika shule ya bondeni, chini ya ule mlima mrefu. Mama na Kaka walikuwa wametoka sokoni kuchukua vifungo, na gari lilikuwa limelia njia nzima. Waliharakisha kupakia mafurushi. Wanafunzi walikuwa wanasubiri.

"Panda, Kidoti, tumechelewa."

Kidoti hakupanda. Alisimama mbele ya gari, amelikumbatia gauni kifuani.

"Mama, usiliteremshe. Kuna kitu nimekuficha." Akalikunjua gauni, viganja viwili vya kahawia vikaonekana.

Kaka aliliweka furushi chini, akainama kuvitazama.

Mama alilichukua pindo. Akalisugua kwa kidole gumba, kisha akalinusa. Uso wake ukabadilika. "Huu si uchafu. Hapa pameungua. Nimeunguza vitambaa vingi kwa pasi, sisahau harufu hii." Akalinganisha pindo na gari, akafika kwenye gurudumu la nyuma. Akalowesha ncha ya kidole kwa ulimi, kama anavyoijaribu pasi, akagusa chuma haraka.

Chss.

Mama aliutazama mlima. Halafu akatoa ufunguo kwenye gari, akautia mfukoni.

Fundi gari alipofungua gurudumu, alikuta breki imekwama, inalisaga gurudumu hata dereva akiwa hajaikanyaga. "Huo mlio ni breki," alisema. "Na ile tik ni chuma kinapoa. Joto likizidi, mafuta ya breki yanachemka. Mlimani ungekanyaga, usipate kitu." Akaliona gauni. "Na hili je? Mnamfunika shuka mgonjwa wa homa? Linafungia unyevu, kutu inazidi."

Sare zilifika bondeni zikiwa vichwani mwao wote watatu. Walipokuwa wakipanda kurudi, Mama alishika bega la binti yake.

"Wewe ulificha alama, mimi nilimkatiza mtu aliyekuja kutuokoa. Sote tuliogopa habari mbaya tukaifunika. Kitu kinachokutisha, mwanangu, kitazame na ukiseme mapema. Ukikifunika hakipoi, kinaendelea kuungua humo humo."

Siku gari lilipotoka kwa fundi, Mama alitangaza matembezi ya kuzunguka mji mzima. Kiti cha mbele kilikuwa cha Kidoti. Kesho yake gari lingerudi kubeba mizigo, na matembezi mengine hayakujulikana yangekuja lini. Kidoti alikuwa ameshafungua mlango alipokumbuka.

"Nendeni tu," alisema. "Niliahidi kwenda mahali kwa miguu."

"Basi kiti nakaa mimi," Kaka alisema, lakini safari hii bila utani.

Mama alimtazama bintiye. "Msalimie sana. Mwambie nakuja kumwomba radhi mimi mwenyewe."

Manyunyu yalianza kabla hajaipita mashine ya kusaga. Alipofika kwenye mlango wa kijani, nguo zilikuwa zimemganda mwilini. Kabla hajabisha, mlango ulifunguliwa.

"Limepona, mama," Kidoti alisema.

Mwanamke yule alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza barabara kubwa upande wa pili wa nyumba. Gari dogo la mizigo lilipita huko. Kupitia pengo kando ya nyumba, Kidoti alimwona Kaka kwenye kiti cha mbele, mkono nje ya dirisha. Matairi yalisikika juu ya maji, basi.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

Mwanamke aliuchukua mwavuli nyuma ya mlango, akamkabidhi Kidoti. Kisha akageuka ndani na kumwita mumewe kwa sauti nyepesi, "Baba, limepita. Halilii tena."