Mashine Isiyo na Diski

Diski ya tatu ilikufa Jumatatu, na kompyuta ya mapokezi pale zahanati ikaanza kunuka udongo mbichi. Kabla ya kufa ilikwaruza siku nzima, kwaru, kwaru, mpaka wagonjwa wakahama benchi la karibu.

"Ikifa tena, dada, mimi na wewe basi," daktari mkuu alimwambia fundi. Na mshahara wa zahanati ndio uliomlisha fundi na mama yake.

Fundi, hoi kwa uchovu, akaing'oa diski kabisa. Akaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, akaifunga isiandikike kitu, mashine ikawa inawakia humo na kushika kazi zote kichwani. Jioni muuguzi anachapa orodha ya wagonjwa, anazima, kila kitu kinafutika. Asubuhi inaamka mpya. Wiki sita haikukwama hata mara moja! Fundi akapata usingizi wa kweli.

Asubuhi moja, akichemsha chai, alimsikia mama yake chumbani.

"Namba moja, homa. Namba mbili, mguu. Namba tatu, jino..."

Mama hajakanyaga zahanati mwaka mzima. Fundi akatoa mkobani nakala ya orodha ya jana, aliyokuja nayo kuikagua, akaifuata kwa kidole, na mama akaenda nayo mstari kwa mstari hadi namba arobaini na moja, bila kukosea, bila kupepesa macho, na kati ya namba na namba meno yake yakawa yanasagana, kwaru, kwaru, na chumba kizima kikinuka udongo mbichi, ilhali dirisha lilikuwa wazi na nje jua linawaka.

"Mama, ni mimi," alinong'ona.

"Namba moja, homa," mama akaanza upya.

Siku nne mama hakula. Mganga aliyeitwa alikaa naye dakika tano, akatoka anajifuta jasho.

"Umembomolea jini nyumba yake, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Katangatanga wiki sita, na sasa njia ya kwako anaijua. Ulitaka akalale wapi?"

"Nimrudishie?"

"Mrudishie. Mimi simuwezi."

Kazi ndiyo kwisha, fundi alijua. Akaenda zahanati, akaifungia mashine diski mpya. Ilipoanza tu kukwaruza, simu yake ikalia.

"Umekula, mwanangu?" mama aliuliza.

Fundi akalia mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona aibu.

Mashine ilirudia kukwamakwama, na mwisho wa mwezi akafukuzwa. Sasa anapiga pasi nguo za watu nyumbani. Mgongo unamuua, lakini mama anakula, tena anamtania kwamba mashati yanamtii kuliko kompyuta.

Jana mchana aliyechukua nafasi yake alileta mashati, uso umejaa furaha.

"Dada, ile mashine iliyokushinda nimeiweza! Nimeng'oa diski, inawakia kwenye flashi peke yake. Haikwami!"

"Tangu lini?"

"Sasa hivi tu, kabla sijaja."

Pasi ikabaki juu ya shati. Chumbani, mama aliacha kutafuna.

"Namba moja," alisema, "kikohozi."